Jina la Wainwright, na Majina ya Kiingereza Katika Ugogo

Kila mwaka shule zifunguliwapo sisi walimu twaandika majina ya watoto wapya katika daftari. Hapa Ugogo, toka Mpwapwa na Kongwa hata Dodoma na Manyoni, majina yajayo mbele yetu ni Wilson, Jackson, Nelson, Dickson, Livingstone, na mengine ya namna hiyo. Mzazi akiulizwa maana ya jina alilompa mwanawe, mara nyingi hujibu kwa neno moja, "Ni jina la Kikristo," na neno hilo humtosha. Wako tena watu wengine, hasa vijana waliosoma sana, ambao husema kinyume chake: ya kwamba majina haya ni mabaki ya minyororo, na yafaa yatupwe yote pamoja.

Maneno haya mawili husikiwa harusini, matangani na hata mlangoni mwa kanisa, na ndugu wamekosana kwa ajili yake wakati wa kumpa mtoto jina. Nataka kuyapima yote mawili. Wala sitayapima kwa kelele, bali kwa kulichukua jina moja tu la Kiingereza na kulifuata toka shina hata matawi, kwa kuwa jina hilo lilichukuliwa na Mwafrika mmoja, akasafiri nalo katika nchi hizi za katikati zamani za misafara, naye akafia Urambo, upande wa Tabora. Jina lenyewe ni Wainwright.

Kwanza yatupasa kujua majina ya ukoo ya Waingereza yalitoka wapi. Wengi hudhani yaliandikwa mbinguni, au walau yalitoka katika Biblia. Sivyo. Zamani Waingereza walikuwa na jina moja moja tu, kama wazee wetu. Baada ya Wanormani kuishinda nchi ile mwaka 1066, wenye mashamba makubwa walianza kuwa na jina la pili lirithiwalo na watoto, na desturi hiyo ikashuka polepole kwa watu wadogo, hata kufika mwaka 1400 hivi sehemu kubwa ya Waingereza walikuwa nalo. Sababu yake ilikuwa nyepesi. Majina ya ubatizo yaliyopendwa yalikuwa machache: John, William, Richard, Robert. Katika kijiji kimoja waweza kukuta akina John kumi. Karani aliyetaka kuandika deni au shamba alilazimika kuwatenga: John mhunzi, John wa kilimani, John mwana wa William, John mfupi.

Wakati mmoja ulioacha maandiko mengi ya majina haya ulikuwa wakati wa kodi ya kichwa. Mfalme wa Uingereza aliitoza kodi hiyo katika miaka ya 1377, 1379 na 1381, na makarani wakapita kijiji kwa kijiji wakiandika majina ya watu, na mahali pengi wakaandika na kazi zao. Wazee wetu walioijua kodi ya kichwa katika nchi hii watacheka wakisikia ya kuwa mtoza kodi ni mmoja wa waliolitia jina la Mwingereza katika karatasi. Kisha mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila kanisa la mtaa liwe na kitabu cha kuandikia ubatizo, ndoa na maziko. Toka hapo jina la mtu halikuwa tena kinywani mwa jirani tu, bali lilikaa kitabuni.

Basi majina hayo yote yaweza kugawanywa mafungu manne. La kwanza ni jina la baba. Wilson maana yake ni mwana wa Will, yaani William. Dickson ni mwana wa Dick, yaani Richard. Jackson ni mwana wa Jack, na Jack ni jina la kumdekeza mtu aitwaye John, ndiye Yohana. La pili ni jina la mahali. Livingstone latokana na kijiji cha Scotland kiitwacho Livingston, yaani mji wa mtu aliyeitwa Leving. La tatu ni jina la kazi: Smith ni mhunzi, Taylor ni mshoni, Potter ni mfinyanzi. La nne ni jina la sura au la utani: Brown ni mtu wa rangi ya hudhurungi, Short ni mfupi, Armstrong ni mwenye mkono wa nguvu. Tazameni mafungu haya manne. Hakuna hata moja lililotoka katika maji ya ubatizo. Yametoka katika nyumba ya baba, katika njia ya kijiji, katika karakana, na katika vinywa vya watani.

Jina la Wainwright ni la fungu la tatu. Limefanywa kwa maneno mawili ya Kiingereza cha kale. "Wain" ni gari kubwa la mashambani, la kukokotwa na ng'ombe au farasi, la kuchukulia mavuno. "Wright" ni fundi, mtu afanyaye kitu kwa mikono yake. Basi Wainwright ni fundi wa magari ya ng'ombe. Wako ndugu zake wengi: Cartwright ni fundi wa mikokoteni, Wheelwright ni fundi wa magurudumu, na Wright peke yake ni fundi tu, nalo ni mojawapo la majina yaliyoenea mno katika Uingereza. Katika siku zile fundi wa magari alikuwa mtu wa maana kijijini, kwa kuwa ilimpasa kujua ni mti gani ufaao kwa mhimili na upi kwa ukingo wa gurudumu, na gurudumu likivunjika wakati wa mavuno, ngano yaozea shambani. Si ajabu basi kwamba watu walimwita kwa kazi yake, wakamwita na mwanawe vivyo hivyo, hata mjukuu aliyekuwa mchungaji wa kondoo na hajawahi kushika patasi akabaki kuitwa fundi wa magari.

Watu wa jina hili tangu zamani wamekuwa wengi zaidi katika sehemu za kati na za kaskazini za Uingereza: Yorkshire, Lancashire, Cheshire na Staffordshire. Upande wa kusini fundi wa magurudumu mara nyingi aliitwa Wheeler, na ukoo wake ukashika jina hilo. Hivyo mtu ajuaye mambo haya aweza kulisikia jina tu, akakisia babu za mwenyewe walilima wapi, kama vile mzee wa Ugogo asikiavyo jina la mbeyu ya mtu, yaani ukoo wake, akajua wazee wake waliingia nchi hii kwa njia gani. Baadaye viwanda vilipoinuka watu wa mashamba walihamia mijini, na wengine wakavuka bahari kwenda Marekani, Kanada, Australia na New Zealand, na jina likaenda pamoja nao.

Tukiwatazama wenye jina hili waliosifika, twaona mara moja jinsi jina lilivyoachana na kazi. John Wainwright, aliyezaliwa Stockport na kufa mwaka 1768, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, naye alitunga tuni ya wimbo wa Noeli uimbwao na Waingereza hata leo. Jonathan Wainwright alikuwa jemadari wa Marekani aliyeshikwa na Wajapani huko Ufilipino mwaka 1942, akakaa kifungoni hata vita ilipokwisha mwaka 1945. Alfred Wainwright, aliyezaliwa Blackburn mwaka 1907 na kufa mwaka 1991, alikuwa karani wa hesabu, akajulikana kwa vitabu vyake vya kutembea milimani kwa miguu. Mpiga kinanda, askari, na karani mpenda milima: katika hao watatu hakuna fundi wa magari hata mmoja. Jina limekuwa kama ganda la konokono. Mwenyewe wa kwanza ametoka zamani, na wengine wamekaa ndani.

Sasa tuvuke bahari tuje kwetu. Katika karne ya 19 manowari za Waingereza zilikamata majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi, na watoto waliookolewa wengine wakapelekwa Bara Hindi. Karibu na mji wa Nasik, upande wa Bombay, Chama cha C.M.S. kilikuwa na shule ya watoto hao, ambamo walifundishwa kusoma, kazi za mikono na dini. Walipobatizwa walipewa majina ya Kiingereza, na mara nyingi hata jina la ukoo lilikuwa la Kiingereza. Kijana mmoja wa Kiyao akatoka huko akiitwa Jacob Wainwright.

Mwaka 1872 Stanley, alipokwisha kuonana na Livingstone na kurudi pwani, alimpelekea mzee huyo watu hamsini na zaidi wa kumchukulia mizigo. Kati yao walikuwamo vijana wa Nasik: Jacob na John, wote wawili wakiitwa Wainwright, na Matthew Wellington, na Carus Farrar, na wengine. Walipanda toka Bagamoyo hata Unyanyembe kwa njia ya misafara ya siku zile. Tazameni tena majina yao kwa macho ya fundi wa maneno. Farrar ni jina la mfua chuma. Wellington ni jina la mji wa Somerset, kusini magharibi ya Uingereza, lililopata sifa kwa ajili ya jemadari aliyemshinda Napoleon mwaka 1815. Basi mfua chuma asiye na fuo, mtu wa Somerset asiyeiona Somerset, na mafundi wa magari wawili wakapanda bara wakienda kwa miguu katika nchi isiyo na gari hata moja.

Nami nasema "isiyo na gari" kwa sababu jambo hili lina habari yake katika nchi yetu hii. Miaka michache baadaye wamisionari walijaribu kweli kuleta magari ya ng'ombe. Mwaka 1877 Alexander Mackay, mhandisi wa C.M.S., alifyeka njia toka Saadani hata Mpwapwa, mwendo wa maili 230, ili magari yapite. Njia ilifyekwa, lakini ng'ombe walikufa kwa mbung'o, na magari yakashindwa. Mizigo ikarudi vichwani na mabegani mwa watu, kama ilivyokuwa, mpaka reli ilipofika Dodoma mwaka 1910. Hivyo nchi hii ilipokea jina la fundi wa magari kabla ya gari lenyewe, na gari lilipokuja halikuweza kuishi. Jina laweza kuvuka bahari na pori bila kuumwa na mbung'o. Kitu chenyewe hakiwezi. Ndiyo sababu haifai kudhani ya kuwa tukichukua jina la watu, tumechukua na elimu yao au nguvu zao.

Livingstone alifariki mwanzo wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo sasa Zambia. Watumishi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua hata Bagamoyo, ambako walifika Februari 1874. Jacob Wainwright ndiye aliyesoma sala za maziko siku ile moyo ulipozikwa, kwa kuwa alijua kusoma vizuri. Ndiye aliyechonga maandishi katika mti. Naye aliandika daftari ya safari ile kwa mkono wake mwenyewe, ambayo imehifadhiwa Blantyre, Scotland, alikozaliwa Livingstone. Kisha C.M.S. wakamlipia nauli, akaenda na mwili hata Uingereza, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa mmoja wa wanane waliolichukua jeneza katika kanisa la Westminster. Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya maziko kwisha.

Hapa nataka msomaji asimame kidogo, kwa kuwa tunayo maandishi mawili ya kulinganisha, na hukumu yangu yatoka katika kulinganisha huko.

Maandishi ya kwanza ni yale ya mti. Mti ule ulikatwa mwaka 1899, na kipande chake chenye maandishi kikapelekwa London. Jacob alichonga jina la Livingstone na tarehe ya Mei 1873, kisha chini yake majina matatu: Yazuza, Mniasere, na Uchopere. Haya ni majina ya wenzake katika msafara. Jina la Wainwright halimo. Kijana aliyepewa jina la kigeni, na kalamu ya kigeni, aliitumia kalamu hiyo kuandika majina ya Waafrika wenziwe kando ya jina la bwana wao, sawasawa, katika mti mmoja.

Maandishi ya pili ni yale ya jiwe la kaburi katika Westminster. Jiwe hilo lasema ya kuwa Livingstone aliletwa na mikono ya waaminifu, kupita nchi kavu na bahari. Ni neno zuri, wala silidharau; watu wengi wamelia walipolisoma. Walakini kama kazi ya maandishi lina upungufu mkubwa. Latuambia mikono, halituambii mikono ya nani. Jiwe lilikuwa na nafasi ya kutosha kueleza kazi za Livingstone, lakini halikupata nafasi ya neno fupi kama Susi, wala Chuma, wala Jacob. Uaminifu umesifiwa, na waaminifu wameachwa bila majina. Katika maandishi hayo mawili, ninaupa mti ushindi. Jiwe limechongwa na mafundi wenye vyombo bora, na mti umechongwa na kijana mwenye kisu porini; lakini mti umesema habari kamili kuliko jiwe.

Tena uko upungufu wa tatu, ambao ni mkubwa kuliko wa jiwe. Vitabu vinavyomtaja Jacob vyaanza na jina lake la ubatizo. Jina aliloitwa na mama yake, kabla ya kukamatwa, halisomwi humo. Mti wamkumbuka Yazuza, lakini yeye aliyemwandika Yazuza twamjua kwa jina la fundi wa magari wa Kiingereza tu. Jacob alirudi Afrika, akatumika katika misheni huku na huku, hata akafa Urambo mwaka 1892. Mgogo au Mnyamwezi atakaye kumkumbuka leo hana budi kutamka neno la Staffordshire na Yorkshire.

Mlinganishe na mwenzake Matthew Wellington. Huyu aliishi mpaka uzee mkubwa, akafa Mombasa mwaka 1935, na katika uzee wake alisimulia maisha yake, nayo yakaandikwa. Kwa hiyo twajua ya kuwa kabla ya kuwa Wellington alikuwa Chengwimbe, mwana wa Wayao. Jina moja tu limehifadhiwa, na tazameni tofauti yake! Tukisema Chengwimbe, twaona mara moja mtoto mwenye baba na mama na kijiji. Mlinganishe tena na Susi. Alipobatizwa mwaka 1886 alichukua jina la Daudi, kwa ajili ya rafiki yake Livingstone, lakini hakuacha kuitwa Susi. Alikuwa David Susi. Jina jipya lilimwambia mtu habari ya imani yake na upendo wake, na la zamani lilimwambia habari ya asili yake, wala hayakupigana.

Sasa naweza kuyahukumu yale maneno mawili ya mwanzo. Asemaye ya kuwa Jackson au Wilson ni jina la Kikristo, amekosa. Jackson ni mwana wa Jack, na si mtume wala nabii. Jina hilo halina utakatifu kuliko jina la Kigogo alilopewa mtoto kwa kuwa alizaliwa wakati wa njaa, au mvua iliponyesha, au baba alipokuwa safarini. Kwa kweli jina la njaa lina faida kubwa, maana ni kama kalenda. Wazee waliozaliwa zamani za njaa ya Mtunya, baada ya mwaka 1917, hawakuhitaji cheti ili kujua umri wao. Tena tuwatazame Wakristo wa kwanza. Epafrodito, rafiki wa Paulo, jina lake lilitokana na Afrodite, mungu mke wa Wayunani. Na jina la Apolo, yule mhubiri hodari, lilitokana na mungu wao mwingine. Paulo hakuwaambia wabadili majina. Aliwaita hivyo katika nyaraka zake, nasi twawasoma hivyo kanisani. Basi ikiwa majina ya miungu ya Wayunani hayakuzuia Injili, jina la mvua ya Ugogo litaizuiaje?

Lakini asemaye ya kuwa majina ya Kiingereza yatupwe yote, naye amekosa. Jina lililochukuliwa kwa upendo halina haja ya kutupwa. Mzee aliyemwita mwanawe Livingstone kwa kuwa alisoma habari za kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, ametoa shukrani, na shukrani si aibu. William Jones, Myao mwingine wa Nasik, alifanywa shemasi mwaka 1885, naye alikuwa katika msafara wa Askofu Hannington mwaka ule ule, akawarudisha pwani waliobaki baada ya askofu kuuawa. Jones maana yake ni mwana wa John, na ni jina la Wales. Je, tumwondolee jina hilo leo, mtu aliyelibeba kwa heshima hata kufa? Amelinunua kwa jasho lake, ni lake.

Kosa si kupokea jina la kigeni. Kosa ni kulipa jina la kwanza ili kupata la pili. Biblia yenyewe yatuonyesha jambo hili katika habari za Danieli. Huko Babeli vijana wanne wa Yuda walipewa majina mapya na mkuu wa matowashi. Kila mtoto wa shule ya Jumapili aweza kuwataja Shadraka, Meshaki na Abednego. Mwulizeni mtoto huyo majina yao ya kwanza. Ni wachache watakaosema Hanania, Mishaeli na Azaria, ingawa yameandikwa katika sura ile ile ya kwanza. Danieli naye aliitwa Belteshaza, lakini kitabu chake chamwita Danieli tangu mwanzo hata mwisho, na hakuna anayemsahau. Neno moja latofautisha habari hizo: jina gani liliendelea kuandikwa.

Hapa ndipo penye hatari yetu wenyewe, ndugu wasomaji, na hatari hii ni kubwa kwetu kuliko kwa Waingereza. Jina la Mwingereza likisha kuwa la ukoo halisogei; Wainwright wa mwaka 1400 na wa leo ni Wainwright. Majina yetu husogea. Mtoto huandikwa jina lake, la baba na la babu, basi. Tuseme mzee mwenye jina la Kigogo amemwita mwanawe Jackson. Jackson akamzaa Nelson, Nelson akamzaa Wilson. Shuleni mtoto huyu ataandikwa Wilson Nelson Jackson. Jina la mzee limekwisha toka kitabuni, katika vizazi vitatu tu, bila vita wala utumwa wala manowari. Na mtoto akipewa fomu yenye nafasi ya jina la ukoo, ataandika Jackson, yaani atajiita mwana wa Jack, naye hajawahi kuwa na babu aitwaye Jack. Yaliyompata Jacob kwa nguvu za watekaji, sisi tunajitendea kwa kalamu yetu, tena kwa furaha, siku ya ubatizo. Kisha siku ya kugawa shamba au kutafuta ndugu waliohamia mbali, watu hawapati uzi wa kushika.

Wako waliotuonyesha njia iliyo bora. Watu waliosifika wa Dodoma kama John Samuel Malecela, aliyekuwa Waziri Mkuu toka 1990 hata 1994, na Job Lusinde, aliyekuwa waziri katika miaka ya kwanza ya uhuru, walikuwa na majina ya Biblia mbele na ya Kigogo nyuma. Hakuna aliyesema ya kuwa imani yao ilipungua kwa sababu ya Malecela au Lusinde, wala hakuna aliyesema ya kuwa Ugogo wao ulipungua kwa sababu ya John au Job. Mwingereza mwenyewe hufanya vivyo hivyo: John ni wa ubatizo, Wainwright ni wa babu aliyechonga magurudumu.

Kwa hiyo shauri langu kwa wazazi na wazee wa kanisa ni haya. Kwanza, mtoto apewe jina la ubatizo ambalo wazazi wanaijua maana yake, na wakitaka la Kiingereza waulize kwanza ni la baba, la mahali, la kazi, au la utani. Pili, jina la ukoo la Kigogo, au la Kirangi, au la Kinyaturu, liandikwe mwisho katika cheti cha kuzaliwa na katika kitabu cha ubatizo, lisiachwe hata kama majina yatakuwa manne. Tatu, wazee waliohai waulizwe sasa majina ya baba zao na ya mbeyu zao, na mtu ajuaye kuandika ayaandike. Kazi hii haihitaji fedha. Yahitaji daftari moja na jioni chache.

Jacob Wainwright alikuwa na kisu na mti, naye aliyaandika majina ya wenzake yakakaa. Sisi tuna kalamu, karatasi na vitabu vya kanisa katika kila mtaa. Tukiyaacha majina ya babu zetu yapotee, hatutakuwa na mtu wa kumlaumu.